Kwa nini bakuli la mti mbichi hupasuka, na jinsi ya kulikausha

MTEJA anayesimamisha gari penye vibanda vya vinyago kando ya barabara ya Nairobi kuelekea Nakuru, pale msafiri anapolitazama Bonde la Ufa likiwa wazi chini yake, huchagua bakuli la mti kwa kuangalia rangi, umbo na ulaini wa msasa. Jambo lililo muhimu kuliko hayo yote halionekani kwa macho. Ni kiasi cha maji kilichosalia ndani ya mti.

Bakuli lililotengenezwa kutokana na gogo bichi na kuuzwa wiki iyo hiyo linaweza kupendeza mno likiwa dukani. Baada ya mwezi mmoja huwa limepinda likawa na umbo la yai, na mara nyingi ufa umelipasua kutoka ukingoni hadi karibu na kitako. Mnunuzi hulitupa asirudi tena. Fundi naye hupoteza jina, na mti uliochukua miaka 30 au 40 kukomaa huishia jikoni kama kuni.

Hasara hiyo ni nzito zaidi katika Nakuru na maeneo ya katikati ya Bonde la Ufa, ambako mbao ngumu za asili haziji kwa urahisi. Sanaa ya kibiashara ya uchongaji nchini, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ilijengwa juu ya mpingo na muhugu. Miti hiyo hukua polepole sana. Ilipoanza kuadimika katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, wachongaji waligeukia miti ya mashambani na ya kando ya barabara: mjakaranda, mwarobaini, mwembe na mgrevilea, ambao wakazi wengi wa Nakuru huuita mukima.

Mradi wa People and Plants, ulioendeshwa na shirika la WWF, UNESCO na Bustani za Kew za Uingereza, uliwahimiza wachongaji na wanunuzi kuikubali miti hiyo badala ya ile ya msituni. Ushauri huo ulikuwa wa busara. Lakini ulileta tatizo ambalo babu zao hawakukabiliana nalo kwa kiwango hicho. Mjakaranda huchongwa ukiwa mbichi kwa sababu huwa laini kama jibini, na fundi asiye na subira hushawishika kuumaliza siku hiyo hiyo.

Kisha pakaja marufuku ya ukataji miti. Mnamo Februari 2018, serikali ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma kwa siku 90, na muda huo ukaongezwa tena na tena. Julai 2023, Rais William Ruto alitangaza akiwa Molo, katika kaunti iyo hiyo ya Nakuru, kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Tangazo hilo nalo likapingwa mahakamani. Katika miaka hiyo yote fundi mdogo aliendelea kutegemea mti wa jirani ulioangushwa na upepo, au ule uliokatwa kupisha nyumba. Mti wa namna hiyo hauji ukiwa mkavu. Huja siku usiyoutarajia, ukiwa umejaa maji, na usiposhughulikiwa mapema huharibika.

Ili kuelewa kinachotokea, ni vyema kufikiria shuka iliyotoka kufuliwa. Ukiianika, kwanza hudondosha maji. Yakiisha kudondoka, shuka bado huwa na unyevu ulioshikwa na nyuzi zenyewe, na huo huchukua muda mrefu zaidi kutoka. Mti nao una maji ya aina mbili. Kuna yale yaliyomo ndani ya vijishimo vya seli, na kuna yale yaliyonywewa na kuta za seli. Maji ya kwanza yanapotoka, mti hupungua uzani tu. Hausinyai hata kidogo. Ni pale unyevu unapofikia takriban asilimia 30 ya uzani wa mti mkavu ndipo kuta zenyewe zinapoanza kupoteza maji, na hapo ndipo mti unapoanza kunywea.

Lau mti ungenywea sawasawa pande zote, bakuli lingekuwa dogo kidogo na mambo yangeishia hapo. Hivyo sivyo ulivyo. Kwa urefu wa nyuzi, mti haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kutoka katikati ya gogo kwenda kwenye gome hupungua kiasi. Kwa kuzunguka, yaani kufuata duara za umri, hupungua takriban mara mbili ya hapo. Katika miti mingi, upungufu wa kuzunguka kutoka ubichi hadi ukavu kamili huwa kati ya asilimia 6 na 10.

Chukua bakuli lenye kipenyo cha sentimita 30. Kipenyo kimoja hufuata nyuzi, na hicho hubaki sentimita 30. Kingine hukata nyuzi, na kikipungua kwa asilimia 5 huwa sentimita 28.5. Bakuli sasa si mviringo tena. Hakuna msasa wala kipolishi kinachoweza kulirekebisha.

Ufa una chanzo chake kingine. Sehemu ya nje hukauka kwanza na kutaka kusinyaa, ilhali ya ndani ingali imevimba na haikubali. Nje huvutika mpaka ikashindwa. Tena, maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi, mara 10 au hata zaidi, pale nyuzi zilipokatwa kuliko ubavuni mwake, kwa kuwa nyuzi za mti ni kama mirija. Kila bakuli lina sehemu mbili za namna hiyo, zinazotazamana ukingoni, na fundi yeyote atakuambia kuwa ni hapo ndipo nyufa huanzia.

Kazi ya kuokoa bakuli basi huanza siku mti unapoangushwa. Gogo lisiachwe juani hata kwa alasiri moja, hasa Januari na Februari ambapo jua la Nakuru huwa kali na upepo mkavu. Ncha zake zipakwe nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, gundi nyeupe ya mbao, au hata rangi ya mafuta iliyobaki koponi. Mafundi wengine hupaka udongo au samadi ya ng'ombe, njia ya zamani ambayo hufanya kazi mradi isiachwe ikauka na kubanduka. Gogo liwe refu kuliko linavyohitajika, kwa sababu sentimita chache za kila ncha zitapasuka tu na kukatwa.

Jambo la pili halina mjadala: gogo lipasuliwe katikati, kiini kikatwe na kutupwa. Kiini ni ile nukta iliyo katikati ya duara zote, na bakuli lililo na kiini ndani ya kitako chake litapasuka, likaushwe kwa ustadi wowote ule. Inashangaza ni mabakuli mangapi sokoni yana nukta hiyo katikati ya kitako, kama muhuri wa fundi aliyetaka kuokoa kipande cha mbao akapoteza bakuli zima.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mkereza, methali hiyo ni ya kweli nusu. Mti mbichi hukatika vizuri kwenye keezo, mashine ambayo mafundi wa jua kali huiita lethi. Patasi huenda bila kelele, vumbi halipo, na maranda hutoka marefu kama utepe. Kwa hiyo fundi mwerevu hulikereza bakuli likiwa bichi, ila halimalizi. Huliacha nene, kisha huliweka likauke, na kulikereza mara ya pili likiwa limetulia.

Unene unaofaa ni takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Bakuli la sentimita 30 liachwe na ukuta wa sentimita 3, na kitako kiwe na unene uo huo. Hesabu yake ni nyepesi. Tukirejea mfano wa hapo juu, tofauti ya sentimita 1.5 kati ya vipenyo viwili inamaanisha milimita 7 au 8 kila upande, nazo zinaweza kuondolewa na bado ukabaki ukuta wa kutosha. Ukuta ukiwa mwembamba mno, hakutakuwa na mti wa kurudisha umviringo. Ukiwa mnene mno, nje na ndani vitakauka kwa kasi tofauti na ufa utatokea. Unene usiolingana ni hatari kuliko yote mawili. Kitako cha sentimita 5 kilichobeba ukuta wa sentimita 2 ni mwaliko wa ufa.

Wapo wanaofuata njia tofauti. Hulikereza bakuli bichi mara moja hadi ukuta wa milimita 4 au 5 tu, na kuliacha lipinde litakavyo. Ukuta mwembamba hukauka kwa siku chache na huwa na unyumbufu wa kutosha usipasuke. Bakuli hilo halitakuwa mviringo, lakini kuna wateja wanaolipenda kwa sababu iyo hiyo. Hiyo ni kazi ya mkono uliozoea, si ya mwanafunzi.

Baada ya ukerezaji wa kwanza, lengo ni kukausha polepole. Ukingo wa bakuli hupakwa nta, hasa zile sehemu mbili za nyuzi zilizokatwa. Kisha bakuli hutiwa ndani ya mfuko wa karatasi, mathalani ule wa unga au saruji uliokung'utwa vizuri, au hufukiwa katika gunia la maranda makavu. Mfuko huzuia upepo huku ukiruhusu unyevu kupenya kidogo kidogo. Mfuko wa plastiki hauruhusu. Ndani yake kuvu itamea kabla ya wiki kuisha. Maranda mabichi yaliyotoka kwenye bakuli lenyewe nayo huleta kuvu, hasa kwa mjakaranda na mgrevilea, ambao weupe wake huchafuka na kuwa na madoa ya kijivu au bluu yasiyotoka kwa msasa.

Hapa mahali anapoishi fundi ni muhimu kuliko kitabu chochote. Molo na Mau Summit, ambako baridi na ukungu ni jambo la kawaida, adui ni kuvu, na mfuko mmoja wa karatasi ulioachwa wazi kidogo unatosha. Gilgil na Naivasha, ambako hewa ni kavu na upepo wa alasiri hauna huruma, bakuli lilo hilo linahitaji mifuko miwili au mitatu, katika chumba kisicho na dirisha upande wa upepo. Mji wa Nakuru wenyewe, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, uko katikati ya hali hizo mbili na hubadilika kwa msimu. Bakuli lililofungwa Aprili, mvua za masika zikinyesha, halifungwi sawa na la Januari. Anayeteremka hadi Marigat, karibu na Ziwa Baringo, atakuta joto linaloweza kupasua gogo zima kwa siku mbili.

Swali linaloulizwa sana ni lini bakuli huwa limekauka. Kanuni ya zamani ya maseremala, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ilitungwa kwa ajili ya mbao zilizopangwa nje katika nchi za baridi, na haimfai mkereza. Jibu la uhakika liko kwenye mizani ya jikoni. Bakuli lipimwe siku linapotoka kwenye keezo, na uzani pamoja na tarehe viandikwe kwa penseli chini ya kitako. Lipimwe tena kila wiki.

Tuseme bakuli lina gramu 2,550 likiwa bichi, na unyevu wake ni asilimia 70 ya uzani wa mti mkavu. Mti mkavu kabisa ndani yake ni gramu 1,500. Likifikia unyevu wa asilimia 12, litakuwa na gramu 1,680. Gramu 870 zitakuwa zimeondoka, karibu maji ya chupa ya lita moja, kutoka kwenye chombo kimoja cha mezani. Wiki za kwanza namba huanguka haraka, kisha hupungua mwendo. Uzani ukikaa pale pale kwa wiki tatu au nne mfululizo, bakuli limepatana na hewa ya mahali hapo. Kwa mti mwepesi kama mjakaranda jambo hilo huweza kuchukua miezi miwili hadi minne. Kwa mti mzito huzidi miezi sita.

Maneno hayo, "hewa ya mahali hapo", ndiyo yanayowagharimu wanaouza nje. Mti hauachi kunywa na kutoa unyevu hata ukikauka. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, mti hutulia kwenye asilimia 16 hivi. Hewa ikiwa na asilimia 65, mti hufika karibu 12. Katika nyumba ya Stockholm au Chicago wakati wa baridi, mitambo ya kupasha joto ikiwaka usiku na mchana, unyevu wa hewa huweza kushuka hadi asilimia 30 na mti ukaenda hadi asilimia 6 hivi. Bakuli lililotulia Nakuru kwenye asilimia 12 litapoteza nusu ya unyevu wake huko, na litasinyaa tena. Fundi alifanya kazi safi. Ila aliikausha kwa ajili ya Nakuru.

Suluhisho ni kulipeleka bakuli chini zaidi ya hewa ya hapa kabla ya ukerezaji wa pili, na hilo linahitaji joto. Tanuri la umeme ni ghali kwa kikundi cha watu watano. Tanuri la jua si ghali. Ni kibanda kidogo chenye paa la nailoni angavu linalotazama jua, mabati yaliyopakwa rangi nyeusi ndani yake, matundu ya kuingiza na kutoa hewa, na feni ndogo. Naivasha na viungani mwake, ambako vivungulio vya maua na nyanya vimeenea, nailoni ya aina hiyo na watu wanaojua kuifunga si vigumu kupatikana. Mchana kibanda hupata joto na kukausha. Usiku hupoa na mti hupumzika, unyevu wa ndani ukisogea kuelekea nje. Mapumziko hayo ya usiku ndiyo yanayofanya tanuri la jua lipasue mbao kidogo kuliko tanuri la moto linaloendeshwa na asiyejua. Mabakuli mabichi kabisa hayafai kuingizwa humo. Yaanze kwenye mifuko hadi kasi ya kupungua uzani itulie.

Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, ina kituo cha utafiti wa mazao ya misitu huko Karura, Nairobi, na kituo kingine Londiani, karibu na mpaka wa Nakuru. Fundi asiye na kipima unyevu anaweza kuanzia huko kuuliza kuhusu ukaushaji. Swali la namna hiyo halina aibu. Hata maseremala wenye digrii hukosea kwa kukadiria ukavu kwa kidole.

Njia nyingine ya kuharakisha kazi ni kuchemsha. Bakuli lililokerezwa kwa mara ya kwanza hutumbukizwa katika pipa la maji yanayotokota, saa moja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kisha huachwa lipoe polepole na kufungwa katika karatasi. Mchemko hulegeza mivutano iliyokuwamo ndani ya mti, na wakereza wengi huapa kwamba mabakuli yaliyochemshwa hupasuka kwa uchache na kukauka upesi. Aidha, huua mabuu ya wadudu. Dosari zake ni mbili: rangi hufifia kidogo, na kuni za kuchemshia si bure. Fundi anayechoma mti mmoja ili kuokoa mwingine ana hesabu ya kufanya. Maranda na vipande vilivyobaki karakanani vingetosha kazi hiyo.

Si kila mti unatendewa sawa. Mjakaranda ni mpole, na ni chaguo zuri kwa anayeanza. Mgrevilea una mapambo ya kumeremeta yanayopendwa sana, lakini vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengine, hivyo barakoa na mikono mirefu ni lazima wakati wa msasa. Mkaratusi una mivutano mikubwa ndani yake kiasi kwamba gogo huweza kupasuka lenyewe punde linapokatwa. Wengi huuacha kwa ajili ya nguzo. Mgunga wa manjano, ule unaopamba kingo za Ziwa Naivasha na uliokufa kwa wingi maji ya Ziwa Nakuru yalipofurika miaka ya 2010, una mti mzito unaopasuka upesi na unaohitaji subira ya miezi mingi. Anayeutamani akumbuke kwamba ile iliyokufa ndani ya mbuga ya Nakuru si ya kuokotwa. Mzeituni mwitu, mutamaiyu kwa Wakikuyu, ni mzito na mzuri mno, na kwa sababu hiyo hiyo umekatwa kupita kiasi. Kwa gogo lolote linalosafirishwa barabarani, kibali cha Huduma ya Misitu Kenya (KFS) kinahitajika, hata kama mti ulitoka shambani mwa mtu.

Wadudu hupenda sehemu nyeupe ya nje, ambayo ina wanga. Dalili yao ni unga laini chini ya bakuli na vitundu vidogo kama vya sindano. Dawa za kemikali hazifai kwa chombo cha chakula. Joto linafaa zaidi. Wazee walihifadhi mbegu na vyombo juu ya uchaga, moshi wa jiko ukipita chini yake, na wakereza wa leo wanaweza kuitumia njia hiyo kwa mabakuli ambayo tayari yamekauka nusu, mradi yawe mbali na mwali.

Bakuli likishatulia, hurudishwa kwenye keezo, hukerezwa mviringo, hupigwa msasa na kupakwa mafuta ya kitani au nta ya nyuki. Nta si tatizo katika ukanda huu. Baringo inajulikana kwa asali. Mafuta ya kupikia yaepukwe kwa kuwa huchacha na kunuka. Wala mafuta au nta haimalizi kazi ambayo ukaushaji haukuifanya. Hupunguza tu kasi ya unyevu kuingia na kutoka.

Linalobaki ni gharama ya kungoja. Fundi anayehitaji karo ya shule Januari hana anasa ya kuacha mabakuli 40 ndani ya magunia hadi Mei. Njia inayowezekana ni kuanza kidogo: mabakuli 5 kila wiki yaende kwenye mifuko, na baada ya wiki 16 fundi atakuwa na 5 makavu ya kumalizia kila wiki, bila kusimama. Kikundi kinachochangia tanuri moja la jua kinaweza kufupisha muda huo. Na mwenye kuuza ng'ambo aangalie pia kreti la kupakia mzigo, kwani mbao za kreti zenye unene unaozidi milimita 6 hutakiwa na kanuni za kimataifa kupashwa joto la nyuzi 56 hadi ndani kwa dakika 30 na kupigwa muhuri. Mzigo wa mabakuli makavu unaweza kuzuiliwa bandarini kwa sababu ya kreti la mbao zisizo na muhuri huo.